Sheikh Umar al-Mukhtar na Hazina ya Vita vya Barqa

Ni ada yetu sisi watu wa pwani, tukikaa barazani baada ya sala ya Isha na yakatajwa majina ya mashujaa wa Kiislamu, kusifu ushujaa wao na kusimulia mapigano yao, kisha tukainuka kila mtu akaenda kwake. Ni wachache katika sisi wenye kuuliza: mtu huyu aliwalisha nini askari wake? Risasi alizinunua kwa fedha ya nani? Na fedha hiyo ilipopita mikononi mwake, ilibaki mikononi mwake kiasi gani? Nasi twaona kuwa maswali haya ndiyo yenye kumpambanua kiongozi wa haki na mporaji aliyevaa kilemba. Kushika bunduki kila mtu aweza, mwema na muovu. Ama kushika mali ya watu kwa miaka mingi, pasipo serikali ya kumhesabu wala mfalme wa kumwuliza, kisha mtu akafa maskini, hilo si la kila mtu.

Kwa hivyo tumependa kuwaeleza ndugu zetu maisha ya Sheikh Umar al-Mukhtar, Mwenyezi Mungu Amrehemu, aliyenyongwa na Wataliani katika nchi ya Barqa, mashariki ya Libya, tarehe 16 Septemba 1931. Jina lake si geni. Hata filamu ilitengenezwa juu yake mwaka 1981, na wengi wetu wameitazama. Lakini filamu yaonyesha farasi na baruti, wala haionyeshi ghala na daftari. Sisi leo twataka kutazama ghala.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Sheikh Umar alizaliwa karibu ya mwaka 1860, na wenye tarikh wamekhitalifiana katika mwaka wenyewe. Alikuwa mtu wa kabila la Manifa, wafugaji wa upande wa Butnan ulioelekea mpaka wa Misri. Baba yake alifariki njiani akienda Hija, naye Umar angali mdogo, akalelewa yatima mikononi mwa masheikh wa Sanusiya. Alisoma kwanza katika zawiya ya Janzur, kisha akapelekwa Jaghbub, penye chuo kikubwa cha jamaa hao, akasoma Qur'ani na elimu za dini. Hakuwa mwana wa ukoo mkubwa, wala hakurithi ngamia wala cheo. Kilichompandisha ni elimu yake, na kwamba walimu wake walimwona kuwa mtu wa kuaminiwa.

ZAWIYA NA HAZINA YAKE

Hapa yatupasa kueleza zawiya ilikuwa nini katika nchi ile, kwani asiyelijua hilo hawezi kufahamu vita vilivyokuja baadaye. Mwanzilishi wa Sanusiya ni Sayyid Muhammad bin Ali al-Sanusi, mzaliwa wa Algeria, aliyeingia Barqa katika miaka ya 1840 na kufariki Jaghbub mwaka 1859. Zawiya zake hazikuwa mahali pa uradi tu. Kila moja ilikuwa msikiti, na madrasa, na nyumba ya wageni, na shamba, na ghala, na baraza la kupatanisha watu. Zilijengwa kwa makusudi penye visima, na penye njia za misafara, na mipakani baina ya kabila na kabila, ili sheikh wa zawiya awe mtu wa kati asiyeelemea upande wowote.

Makabila yalitoa ardhi ikawa wakfu wa zawiya. Watu walileta zaka ya wanyama na nafaka, wakaja kwa zamu kulima na kuvuna shamba la zawiya. Katika mali hiyo walilishwa wanafunzi, na wageni, na maskini, na kilichozidi kilipelekwa makao makuu. Misafara iliyokuwa ikipita jangwani baina ya bahari na nchi ya Wadai nayo ilipata amani na maji kwa ajili ya zawiya hizi.

Basi msomaji na alizingatie jambo hili: hazina ya watu wa Barqa ilikuwako miaka sitini na zaidi kabla ya vita. Haikubuniwa na vita. Watu walikuwa wamekwisha zoea kutoa, na walikuwa wameona kwa macho yao walichotoa kikirudi kwa yatima wao na kwa mpita njia. Kiongozi aliyekuja kuomba msaada wakati wa dhiki hakuomba kwa watu wasiomjua.

Mwaka 1897 Umar aliwekwa kuwa sheikh wa zawiya ya al-Qusur, katika nchi ya kabila la Abid, watu waliokuwa mashuhuri kwa ukaidi wao. Huko ndiko alikojifunza kazi ambayo ilimfaa baadaye kuliko kupiga bunduki: kuamua ugomvi wa visima na malisho, kupokea zaka kwa watu wakali bila ya kuwakasirisha, na kuigawa bila ya kushukiwa. Baadaye alipelekwa kusini, pande za nchi iitwayo leo Chad, ambako Sanusiya walikuwa wakipigana na Wafaransa, akasimamia zawiya huko pia; kisha akarejea al-Qusur.

WATALIANI WANAINGIA

Mwezi wa Septemba 1911 Italia ilitangaza vita na Daula ya Waturuki, na mwezi wa Oktoba majeshi yake yakashuka Trablus na Benghazi. Mwaka uliofuata Waturuki walifanya sulhu na kuondoka, wakawaachia wenyeji vita vyao. Sayyid Ahmad al-Sharif, aliyekuwa mkuu wa Sanusiya wakati huo, akashika uongozi, na Sheikh Umar, aliyekwisha kupita umri wa miaka hamsini, akawa miongoni mwa wasaidizi wake.

Kisha ikaja vita kuu ya mwaka 1914, na ndani yake mna funzo chungu. Waturuki na Wajerumani walikuwa wakimletea Sayyid Ahmad fedha na silaha kwa manowari zilizopita chini ya bahari, nao walimtaka kwa malipo yake awashambulie Waingereza katika Misri. Wataliani ndio waliokuwa wameivamia nchi, ama Waingereza walikuwa wamemwachia mpaka wa Misri wazi, na kwa mlango huo nchi ilikuwa ikipata chakula. Mwishoni mwa mwaka 1915 Sayyid Ahmad aliingia vitani dhidi yao, akashindwa. Mpaka ukafungwa. Njaa na maradhi vikaiangukia Barqa, wakafa watu wengi ambao hawakupata kuuona hata mmoja wa hao Wajerumani. Mwaka 1918 Sayyid Ahmad mwenyewe alipanda manowari akaenda zake Uturuki.

Hatusemi haya kumtukana Sayyid Ahmad, ambaye alikuwa mcha Mungu na shujaa. Twasema tu kwamba mwenye kulipa gharama ya vita hupenda pia kuchagua adui. Mkono unaopokea mali ya mgeni mara nyingi hauna budi kupiga pale anapotaka mgeni.

MSHAHARA WA WATALIANI

Aliyeshika uongozi baada yake ni binamu yake, Sayyid Muhammad Idris, ambaye mwaka 1951 alikuwa mfalme wa Libya. Yeye alipendelea sulhu. Alipatana na Wataliani na Waingereza mwaka 1917, na masoko yakafunguliwa, watu wakapata kula. Kisha mwezi wa Oktoba 1920, kwa mapatano ya al-Rajma, Wataliani walimpa cheo cha Amiri, na mamlaka juu ya miji ya jangwani, na mshahara wa kila mwezi yeye na jamaa zake. Mwaka wa pili wake zikafanywa hata kambi za mchanganyiko, ambamo askari wa Kitaliani na askari wa Sanusiya walikaa pamoja.

Tazama hila iliyokuwa ndani yake. Jeshi lililokuwa likilishwa na zaka ya watu sasa lilikuwa likila pamoja na adui yake. Masheikh waliozoea kungoja msimu wa mavuno walianza kungoja mwisho wa mwezi. Mwaka 1922 serikali ya Mafashisti ilipoingia Roma, na Sayyid Idris akaondoka kwenda Misri mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Wataliani hawakuwa na haja ya kuzitafuta zile kambi: walizijua, kwani walikuwa wakizilisha. Mwezi wa Machi 1923 walizishambulia, wakawashika askari waliokuwamo, wakatangaza kuwa mapatano yote yamebatilika.

Sheikh Umar alikwenda Misri mwaka huo kuonana na Sayyid Idris, akakabidhiwa uongozi wa vita kwa niaba yake. Angeweza kubaki Misri, kama walivyobaki wengine, na umri wake wa miaka sitini na kitu ungekuwa udhuru wa kutosha. Alirejea. Njiani, pahali paitwapo Bir al-Ghabi, magari ya chuma ya Wataliani yalimvizia, akaokoka, akaingia katika Jabal al-Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, wenye misitu na mabonde na mapango. Huko alikaa akipigana kwa miaka minane.

MALI YA VITA ILITOKA WAPI

Mujahidina wake hawakuwa wengi. Kwa wakati mmoja walikuwa mamia, na kwa nadra wakafika elfu moja. Waligawanyika katika kambi zilizoitwa dor, kila kambi ikiwa ya kabila moja au makabila yaliyo jirani. Kila kambi ilikuwa na mkuu wake wa vita, na kadhi wake wa kuhukumu, na wenye kuangalia chakula na mali. Kabila ndilo lililotoa watu wake, likawapa farasi na bunduki na chakula. Mtu akifa, jamaa zake walitoa mwingine mahali pake. Kwa hivyo Wataliani waliua na kuua, na kila walipohesabu waliwakuta wale wale mia kadha.

Ama mali, ilitoka katika milango minne. Mlango wa kwanza ni zaka na fungu la kumi la mavuno, na ajabu yake ni kuwa haikutolewa na waliokuwa mlimani tu. Makabila yaliyokwisha jisalimisha kwa Wataliani, yenye kukaa karibu ya ngome zao, nayo yalipeleka fungu lao kwa Sheikh Umar. Mchana walikuwa raia wa Italia, na usiku walikuwa raia wake. Wataliani wenyewe waliliona hilo na kulilalamikia sana. Mlango wa pili ni biashara ya Misri: kondoo na sufu zilivuka mpaka upande wa Sallum, na zikarudi nguo, chai, sukari, mchele na risasi, na misafara hiyo ikatozwa ushuru kwa ajili ya vita. Mlango wa tatu ni michango ya Waislamu wa Misri na ya watu wa Barqa waliohamia huko. Na mlango wa nne ni adui mwenyewe, kwani bunduki nyingi zilipatikana vitani, na nyingine zilitoka kwa wale wale waliopewa na Wataliani ili wampige Sheikh Umar. Mwezi wa Machi 1927, mahali paitwapo al-Rahiba, mujahidina walivunja kikosi kizima, na silaha zao zikawa hazina mpya.

Si haki tukasema kuwa kila aliyetoa alitoa kwa moyo mkunjufu. Mfugaji mwenye kondoo ishirini, aliyekwisha tozwa na serikali ya mchana kisha akajiwa na serikali ya usiku, hakosi kuugua moyoni. Wako waliotoa kwa mapenzi, wako waliotoa kwa kuona haya mbele ya jamaa zao, na wako waliotoa kwa khofu. Na waliowaongoza Wataliani katika njia za mlima hawakutarajia huruma wakishikwa. Vita ni vita, na hata vya haki vina uzito juu ya mnyonge.

Lakini kuna tofauti kubwa, nayo yataka kuangaliwa. Fungu la kumi lilikuwa na mpaka unaojulikana na kila Mwislamu. Halikupandishwa kwa sababu risasi zimepungua. Lilikusanywa na watu wa kabila lenyewe, wanaojulikana wazazi wao, si na wageni wenye mitutu. Na mwenye kulisimamia alikuwa akilala chini kama askari wake na kula wanachokula. Jenerali Graziani, mtu aliyemmaliza, aliandika kitabu baada ya vita kujisifu kwa kazi yake. Na katika kumweleza adui wake hakuweza kuacha kukiri kuwa alikuwa mtu wa dini asiyetamani mali, naye alikuwa maskini ijapokuwa cheo chake kilikuwa kikubwa. Ushahidi wa rafiki waweza kuwa na mapenzi ndani yake. Ushahidi wa huyu hauna.

MAPATANO YA SIDI RAHUMA

Mwaka 1929 Wataliani walimleta gavana mpya, Jenerali Badoglio, naye alijaribu njia ya maneno. Tarehe 19 Juni 1929 alionana na Sheikh Umar mahali paitwapo Sidi Rahuma, na vita vikasimamishwa kwa muda. Watu walipumua. Masoko yakajaa, na wafugaji wakashuka na wanyama wao pasipo khofu ya ndege za vita.

Hapa ndipo mtihani wa mali uliporudi kwa sura nyingine. Wataliani walikuwa tayari kutoa posho kwa wakuu wa Sanusiya ikiwa silaha zitakuwa chini ya mkono wao. Kijana mmoja wa ukoo wa Sanusi, Sayyid Hasan al-Rida, alikubali masharti yao, na baadhi ya watu wakamfuata. Sheikh Umar aliyakataa. Aliona kuwa ni yale yale ya mwaka 1920: kambi ile ile na mshahara ule ule, na mwisho wake anaujua. Mwezi wa Novemba mwaka huo vita vilianza tena. Ama Sayyid Hasan, Wataliani waliishambulia kambi yake mwanzoni mwa mwaka 1930, wakamhamisha yeye mwenyewe kwenda Italia. Mkataba wake haukumlinda hata mwaka mmoja.

Wako wanaosema kuwa Sheikh Umar angelikubali, watu wangelisalimika na balaa iliyofuata. Swali hili si dogo, nasi hatulipuuzi. Lakini jibu lake limo katika habari ya Hasan: waliokubali hawakusalimika.

KUKATWA KWA MSHIPA

Graziani alifika Benghazi mwezi wa Machi 1930. Yeye alifahamu jambo ambalo wakubwa waliomtangulia hawakulifahamu sawa sawa: kwamba hapigani na watu elfu moja walioko mlimani, bali apigana na ghala lililoko bondeni. Basi akaufunga kila mlango, mmoja baada ya mmoja.

Alianza na zawiya. Mwaka 1930 zilifungwa zote, mashamba yake ya wakfu yakanyang'anywa, na masheikh wake wakatiwa melini kupelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Ustica. Ikafuata silaha za makabila yaliyojisalimisha: zikakusanywa, na aliyekutwa na risasi, au aliyetuhumiwa kutoa fungu la kumi, akahukumiwa na mahakama iliyokuwa ikisafiri kwa ndege kutoka mahali hata mahali, na hukumu ikatekelezwa pale pale mbele ya jamaa zake.

Kisha likaja lile ambalo kalamu yasita kuliandika. Mwezi wa Juni 1930 Badoglio alimwandikia Graziani kuwa lazima watu watengwe kabisa na wapiganaji, na kuwa njia hiyo yapasa kufuatwa hadi mwisho hata kama watu wote wa Barqa watahiliki. Yapata watu laki moja, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, waliswagwa pamoja na wanyama wao kutoka mlimani hadi kwenye kambi za pwani na jangwani, Soluq, al-Maghrun, Brega, al-Agheila na kwingineko, zilizozungushiwa seng'enge. Wengine walitembea mamia ya kilomita. Ndani ya kambi waliuawa na njaa, homa na kiu. Wanyama, ambao ndio mali yao yote, walikufa karibu wote. Wenye kuchunguza tarikh wakadiria kuwa waliokufa ni 40,000 au zaidi. Kambi hizo hazikufunguliwa mpaka katika mwaka 1933 na baada yake.

Mwezi wa Januari 1931 Wataliani waliteka Kufra, kituo cha mwisho cha Sanusiya jangwani. Na mwaka huo huo wakajenga ua wa seng'enge kutoka bahari karibu ya Bardia mpaka Jaghbub, urefu wa kilomita 270 hivi, wenye ngome na magari ya doria, ili mlango wa Misri ufungwe. Zaka imekwisha, kwani hakuna mwenye kuitoa. Ushuru umekwisha, kwani hakuna msafara. Michango imekwisha, kwani hakuna njia. Mujahidina walibaki na kile walichoweza kunyakua vitani tu.

Na wengi katika askari waliotumwa kuwawinda hawakuwa Wataliani. Walikuwa watu wa Eritrea, Waafrika wenzetu kutoka pwani ya Bahari ya Sham na milima yake, waliofuata mshahara. Wengi wao walikuwa Wakristo, nao walipendelewa kwa sababu askari wa Libya hawakuaminiwa kupigana na ndugu zao. Ndivyo dola ilivyogharimia vita vyake: mali ya mmoja kumnunua mwingine amwue wa tatu.

KUSHIKWA NA KUNYONGWA KWAKE

Mwezi wa Oktoba 1930, baada ya pigano moja, Wataliani waliokota miwani ya Sheikh Umar iliyoanguka. Graziani aliichukua, akasema mbele ya watu wake kuwa baada ya miwani kitakuja kichwa. Sisi twaitaja miwani hii kwa sababu nyingine. Ilikuwa ni miwani ya mwalimu wa chuo, mzee wa miaka sabini, ambaye usiku wa vita alikuwa akisoma Qur'ani kama alivyokuwa akiisoma al-Qusur.

Tarehe 11 Septemba 1931, karibu ya Slonta, yeye na wafuasi wachache walikutana na kikosi cha wapanda farasi. Farasi wake alipigwa akaanguka, na mzee akashikwa. Alipelekwa Susa ya pwani na kutoka huko kwa manowari mpaka Benghazi. Tarehe 15 Septemba alisimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Hakukana kuwa alipigana, wala hakuomba kusamehewa. Walimshtaki kwa uasi. Lakini ataasije mtu serikali ambayo hajapata kuikubali hata siku moja? Afisa wa Kitaliani aliyepewa kazi ya kumtetea alifanya utetezi kwa bidii kuliko walivyotaka wakubwa wake, na kwa hilo akaadhibiwa. Hukumu ilikwisha andaliwa.

Siku ya pili yake, tarehe 16, alinyongwa Soluq, ndani ya kambi ile ile ya watu wake, na watu yapata 20,000 wakalazimishwa kutazama. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Wataliani walitaka wale waliokuwa wakitoa fungu la kumi wauone mwisho wa aliyelipokea. Aliyeshika mahali pake, Yusuf Bu Rahil, aliuawa mwezi wa Desemba, na mwezi wa Januari 1932 Badoglio akatangaza kuwa vita vimekwisha. Miaka kumi na moja haikupita ila Wataliani wenyewe walitolewa Barqa, na tarehe 24 Desemba 1951 Libya ikawa dola huru. Leo sura ya mzee huyo imepigwa katika noti za nchi yake. Mtu ambaye fedha haikukaa mfukoni mwake sasa yumo katika kila mfuko.

TUJIFUNZE NINI

Ndugu wasomaji, tumeyaandika haya si kwa kupumbaza wakati. Katika zama zetu hizi tumeona, mbali na karibu, makundi yanayokusanya mali ya Waislamu kwa mtutu wa bunduki na kuiita zaka. Yanayomtoza mwenye duka, na mwenye mashua, na mwenye ngamia, kiasi wanachokitaka wao, na asiyetoa akauawa. Na vijana wetu huambiwa kuwa huu ndio mwendo wa kina Umar al-Mukhtar. Aliyeambiwa hivyo na aulize yale maswali tuliyoanza nayo. Je, kiasi kitolewacho ni kile kilichowekwa na sheria, au ni kile kinachomridhisha mkusanyaji? Mkusanyaji ajulikana na watu, au ameficha uso wake? Kabla ya vita alikuwa akiwafanyia nini wale anaowatoza: aliwasomesha watoto wao, aliwapatanisha, aliwalisha wageni wao? Au hawakupata kumwona mpaka alipokuja na bunduki? Na fedha itokayo kwa wageni yamtaka ampige nani? Na mwisho, kiongozi mwenyewe alala wapi, na watoto wake wasoma wapi?

Kwa maswali haya mtu hahitaji kuwa mwanachuoni mkubwa. Mfugaji wa Barqa asiyejua kusoma aliyajua majibu yake, na kwa kuyajua alitoa.

Na kwa wenye kuongoza kuna funzo jingine zito zaidi. Sheikh Umar hakuibiwa ushindi kwa sababu mali yake ilikuwa haramu. Alishindwa kwa sababu mali yake ilikuwa ni watu, na adui akawa tayari kuwaangamiza watu ili aikate mali. Anayeitisha vita kwa sadaka ya raia ajue kuwa raia ndio watakaolipa mara mbili: mara ya kwanza kwa kondoo wao, na mara ya pili kwa roho zao. Ni amana isiyotakiwa kubebwa na mwenye moyo mwepesi. Yeye aliibeba kwa kuwa mvamizi alikuwa mlangoni na sulhu imekwisha jaribiwa, ikavunjwa na aliyeitia saini; akaibeba mpaka kwenye kamba ya Soluq, mbele ya macho ya wenyewe, na hapana hata mmoja katika wale elfu ishirini aliyeweza kusema kuwa mzee yule alikula mali yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu Amrehemu yeye na waliokufa katika kambi zile, na Atupe viongozi wenye mikono safi katika amani kabla ya kutujaribu kwa vita. Wa billahi tawfiq.